Mama Mado, Mtoto Anakuita kwa Gitaa la Umeme

Mama Mado wangu,

Kwanza ujue kwamba mume wako ni mwanaume kamili. Jumanne nilikwenda kule Anderlecht, kwenye ghala wanakofanyia mazoezi, nikaketi kiti cha mbele, mguu juu ya mguu, nikausikiliza ule wimbo wao wa wafu toka mwanzo hadi mwisho, na hata ukope sikupepesa. Walipomaliza niliwapigia makofi kama waziri aliyekuja kufungua daraja.

Bon. Uongo. Najua umeshaanza kucheka, na wewe ukicheka mimi kalamu inanitoka mkononi. Kiti cha mbele nilikaa, hilo ni kweli. Lakini mwisho wa wimbo siujui, Véro, kwa sababu ulipofika pabaya mimi nilikuwa nimeshatoka nje, nimekumbatia nguzo ya taa, kofia nimeiacha ndani, na yule mzungu anayeuza betri za magari mlango wa pili akaniuliza kama aniitie ambulansi. Nikamwambia hapana, nasubiri basi. Basi halipiti pale.

Naogopa. Ukishalisoma neno hilo kunja karatasi upesi, mama yako asije akachungulia begani kwako, maana yule mama tangu siku ya mahari alikuwa anasema umeolewa na kuku.

Niko Flagey, kwenye mkahawa wa pembeni, karibu na dirisha. Ni Jumamosi, wachuuzi wanakunja maturubai yao, na chai yangu imepoa zamani. Nyumbani nimekimbia kwa sababu Mado amelala, na sitaki aamke anikute nakuandikia wewe. Angesema baba yake ameanza kuchanganyikiwa. Afadhali wageni wafikiri hivyo.

Yule mtoto uliyempeleka kwaya ya parokia ili ajifunze heshima, sasa anaimba roki. Wako wanne, yeye na Wabelgiji watatu. Mkubwa wao ni Joris, mpiga gitaa, kijana mrefu, nywele zimemfunika macho, sijui barabara anaivukaje. Ana adabu lakini. Akija nyumbani anakula kila kitu, hata sombe, majani yetu ya muhogo, anafuta sahani kwa mkate. Bibi yake ni Mwingereza, na huyo bibi ndiye chanzo cha balaa, maana alikuwa na wimbo wa kale wa kwao, wa tangu enzi za babu wa babu zao, na Joris ameuchukua autengeneze upya. Anasema kutengeneza upya ni kuuvua wimbo koti la bibi na kuuvika koti la ngozi. Sawa. Lakini ndani ya koti aliyemo ni yule yule.

Alinitafsiria kwa Kifaransa mezani kwetu, huku anatafuna. Kuna msichana, binti wa msaga unga. Mama yake amekufa, amezikwa ng'ambo ya mto. Jioni ya kwanza msichana anasimama ukingoni, anamwita mama yake. Mbwa wote wa kijiji wanainuka. Jioni ya pili anaita. Maji ya mto yanasimama. Jioni ya tatu anaita, na mama anatokea ng'ambo, udongo kwenye nywele, anauliza: nani ameniamsha, na kitanda changu kilikuwa ndiyo kwanza kimepata joto? Halafu ananyoosha mkono. Anaomba mtoto aushike.

Basi. Wimbo unaishia hapo. Kama mtoto aliushika, kama hakuushika, nani alivuka kwenda upande wa nani, Waingereza hawasemi. Na yule bibi alikuwa akiuimba huku anamenya viazi! Watu wa namna gani hawa, Véro? Sisi tukimenya muhogo tunasengenya jirani, chakula kinaiva, basi.

Nikamuuliza Joris, "Na baba yake huyo msichana, wakati wote huo, alikuwa wapi?"

Akafikiri. "Nadhani alikuwa anasaga, Papa."

Siku hiyo nilicheka mpaka Mado akanipiga mgongoni.

Sasa nikwambie walichokifanya. Magitaa wameyapa umeme mpaka yananguruma kama mashine za mgodini. Ngoma inakwenda polepole, moja, kimya, moja, kama mtu anayepanda ngazi na hana haraka. Hilo ningelivumilia. Lakini pale msichana anapoita, Mado ametupa maneno ya Kiingereza. Ameweka kilio. Kilio cha kwetu, Mama Mado, cha kwenye matanga, kile cha bamama, wale wanawake wa mtaa wetu wa Katuba, na ndani ya kilio ameweka jina lako.

Na nani alimfundisha? Usinitazame mimi. Katuba nzima walikuwa wanatuma watu mlangoni kwetu: mwambie Mama Mado aje aanzishe, hapa bamama wanalia kama wanaota moto. Ulikuwa unajifunga kitambaa, unamchukua mtoto mkono, unakwenda. Unapanda na sauti mpaka juu kabisa, na kwa kilio cha tatu unaivunja, trrak, kama mtu anavunja kuni gotini, na hata wanaume waliokuja kwa ajili ya bia wanainamisha kichwa. Halafu unarudi nyumbani unakula ugali wa watu wawili, unaniuliza, "Leo nililia muzuri?"

"Ulilia mpaka marehemu akataka kuinuka kukuomba unyamaze."

"Weye utakufa na huo mudomo."

Kumbe mdomo ndio uliobaki.

Jumanne basi nimeketi pale, naona binti yangu amesimama mbele ya mikrofoni na suruali yake iliyochanika magotini, anafungua kinywa, na sauti inayotoka ni ya kwako. Sisemi inafanana. Nasema ni yako. Kilio cha kwanza, nywele za mikono zikasimama. Cha pili, nikamtafuta mtu wa kumshika mkono. Karibu nami kulikuwa na spika tu. Cha tatu akakivunja kama ulivyokuwa unakivunja, na hapo magitaa yakanyamaza yote kwa pamoja, Joris ndivyo alivyopanga, pawe kimya. Katika kimya kile mimi nikaona mlango wa ghala unatikisika. Upepo labda. Sikungoja kuuliza. Ndiyo hapo nikaenda kukumbatia nguzo.

Wewe unajua kinachonitisha, ingawa mbele za watu nakicheka. Kilio bila maiti kinatafuta maiti. Bibi yangu alitupiga kwa ajili ya hilo. Tulikuwa watoto, tumemfunga gunzi la mahindi kitambaa, tumemlaza, tunamlilia kama tulivyoona wakubwa wanafanya. Bibi akatokea na fimbo na ndoo. Alitupiga bila kusema neno, akamwaga maji pale tulipokuwa tumekaa, akaingia ndani akafunga mlango. Hiyo wiki haikuisha, surua ikaingia mtaani, ikamchukua mdogo wa Prosper, mwenzetu, yule ambaye katika mchezo wetu alilia vizuri kuliko sisi sote. Padri alisema ni surua. Mimi pia nasema ni surua. Lakini hakuna mtoto aliyecheza mchezo ule tena, hata watoto wa padri, na alikuwa nao.

Sasa nikiwa pale kwenye nguzo, Joris akatoka mbio. Kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake.

"Papa! Mado ameanguka!"

Nilirudi ndani, Véro. Hilo usinipunje: nilirudi. Nikamkuta chini, kati ya nyaya, macho yamefunguka, midomo myeupe, mpiga ngoma wao amesimama pembeni analia kama mtoto, lile jitu lenye mikono kama ya mchinjaji. Na mkono mmoja wa Mado ulikuwa umenyooka mbele yake sakafuni, vidole wazi. Kama wa mtu anayempa mwenzake mkono.

Niliushika mimi. Niliubana mpaka akalia, "Papa, unaniumiza." Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Daktari wa pale Porte de Namur alimpima akasema damu imepungua, hali chakula vizuri, anafanya kazi mno, ale maini. Nikanunua maini. Nimemkaangia maini kila siku tangu Jumanne, na kila siku naona shavu linazidi kuingia. Daktari anajua damu. Lakini hakuuona ule mlango.

Na bado sijakwambia kibaya. Kesho asubuhi, saa ambayo watu wema wako misani, wanarekodi. Wamemwita mtu mwenye mashine, wimbo utaingia kwenye disiki. Fikiri, Mama Mado. Kilio cha mdomo kikitoka kinapotea hewani, mtu anakunywa maji, anakwenda kulala. Kilio cha disiki hakinyamazi. Kila mpumbavu akibonyeza kidude, mahali popote, mtoto wangu anaanza tena kukuita. Kinatafuta, kinatafuta. Kitakosa kweli?

Alhamisi jioni, mbele ya maini, nikajitia ukali.

"Mado, ule wimbo nakukataza."

"Papa, niko na miaka ishirini na tatu."

"Hata mia. Unaita mamako. Utamwita mpaka aitike."

Akaweka uma chini. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa vizuri.

"Miye siko naanzisha kilio, Papa. Niko namaliza. Ile ya kwetu hapa nyumbani, ilimalizika?"

Nikamkatia maini badala ya kumjibu. Mimi! Kama ungekuwepo ungechinja kuku.

Unayakumbuka matanga yako? Hapana, hukuwepo. Ulikuwa umekwenda Lubumbashi kumzika dada yako, ukaugua, nchi ikaharibika, ndege zikakatika, na sisi hapa hatukuwa na karatasi za kutoka na kurudi. Kaka yako akanipigia simu, akanipa habari kwa maneno manne, laini ikafa. Tukakulilia hapa, ghorofani Anderlecht, bila mwili. Viti vya parokia, picha yako juu ya televisheni, kitambaa cheupe. Bamama walikuja wengi mpaka ngazini. Walilia kilio cha kwanza. Walilia cha pili. Walikuwa wamepanda juu kabisa katika cha tatu, wewe ungewasifu, na mlango ukagongwa. Polisi wawili. Majirani wamelalamika.

"Monsieur, kuna mtu anauawa humu?"

"Hapana, amekwisha kufa."

Yule mdogo alivua kofia, Mungu ambariki. Lakini bamama walikuwa wameshameza sauti. Mmoja akasema tuimbe tenzi polepole, mwingine akaleta samaki, watu wakala, wakaenda kuwahi metro. Na mimi sikulisema neno.

Lile neno la kwenu. Kwetu hatuna hayo, kwetu tunakunywa tu. Kwenu, baada ya kilio cha tatu, mume wa marehemu anapiga ardhi kwa kiganja na kusema kwa sauti: "Nenda. Sisi tunarudi." Ndipo watu wanakunywa maji, ndipo imekwisha. Nilikuuliza zamani, juu ya nini maneno yenyewe ni machache hivyo, baada ya kelele yote ile. Ulikuwa unafua, hukuinua hata kichwa. "Kulia ni kusindikiza," ulisema. "Mwenye kusindikiza, lazima muntu amwambie: rudi. Kama hakuna wa kumwambia, atakwenda tu na mgeni."

Nilikuwa nimelisahau hilo. Mado hakulisahau. Alikuwa mtoto tu, amekaa kando ya beseni, anacheza na povu.

"Kila siku nafika kwa kilio ya tatu," akaniambia. "Nangoja muntu ajibu. Joris anafikiri kile kimya ni cha muziki. Bon, aache afikiri. Miye nangoja weye, Papa. Hakuna muntu anajibu, na miguu inaendelea kutembea yenyewe. Njo vile naanguka."

"Maini yanapoa."

"Papa."

"Mimi naimba kama mbuzi, wewe unajua."

"Si kuimba. Kujibia."

Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Tangu hapo sijalala vizuri. Nimefikiri kama wakili, huku na huku. Nisipokwenda kesho, mtoto atalia mara ya tatu, kimya kitaingia, na hicho kimya ndicho kitakachokaa kwenye disiki milele, binti yangu anakusindikiza, anakusindikiza, na hakuna wa kumwambia rudi. Na siku moja hatarudi. Namwona pale kati ya nyaya, mkono umenyooka, nafunga macho bado namwona.

Nikienda basi, nikasema neno, je? Hapo ndipo hofu ya pili ilipo, na hii sijamwambia Mado. Miaka hii yote wewe umebaki humu ndani nasi. Usinikatalie. Harufu ya sabuni yako kwenye kabati, nani anaileta? Kile kiti chako, mbona hata Joris hakikalii, na hajaambiwa? Asubuhi nasema, Véro, leo kuna baridi, na sijisikii mjinga, najisikia kama mtu aliyesema jambo na mwenzake yuko chumba cha pili anatafuta soksi. Nikishasema nenda, utakwenda. Wewe hukuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Nitasema leo kuna baridi, na kutakuwa na baridi tu.

Kwa hiyo pande zote naogopa. Nikifungua mdomo wewe unaondoka, nikifunga mdomo mtoto anaondoka. Sijawahi kuona mdomo wangu una kazi kubwa namna hii; kwa miaka yote ulikuwa unatumika kuudhi watu.

Lakini nimeshaamua, usidhani sijaamua. Wewe mwenyewe ungenipiga na kijiko kama ningekaa kufikiri zaidi. Mtoto kwanza. Nimemwambia leo asubuhi, "Nitakuja. Niwekee kiti, na nirudishieni kofia yangu." Akanibusu hapa kichwani, pasipo na nywele, akaenda kulala, na kwa mara ya kwanza wiki hii alilala bila kugeukageuka. Nilisimama mlangoni nimsikilize anavyopumua. Nilisimama sana.

Joris anasema watanivisha vile visikio vikubwa, niketi mbele ya mikrofoni, na akininyooshea kidole nipige sakafu niseme. Nikamwambia sakafu ya zege si ardhi. Akafikiri, nywele machoni, akasema ataleta udongo kwenye sahani kutoka bustani ya bibi yake. Udongo wa Ubelgiji, wa Mwingereza, kwa ajili ya mwanamke wa Katuba. Tutaona kama unasikia.

Limebaki jambo moja dogo, Mama Mado, na hili unalo deni kwangu. Siku ya ndoa yetu padri alikuuliza kama unanitaka, ukafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akauliza tena, hakuna. Mama yako akaanza kutabasamu. Ndipo mimi nikapaza sauti, "Anakubali!" kanisa zima likaanguka kwa kicheko, padri akasema jibu langu halihesabiki, ukacheka na wewe, na katika kicheko sauti ikatoka. Nje, mchele bado uko kwenye nywele zako, ukanifinya ukasema, "Siku sauti itakukwama weye, miye nitakujibia." Sijawahi kudai, maana haijawahi kunikwama hata siku moja, na majirani wote ni mashahidi.

Kesho itanikwama. Najijua. Lile la "tunarudi" nitalisema mwenyewe, kwa nguvu zote, kwa ajili ya mtoto. Ni hili la kwanza, la kukuruhusu uende, lisilotoka. Nimelijaribu tangu saa sita hapa dirishani, na mhudumu anadhani namfukuza yeye. Hilo nijibie wewe, nisaidie neno moja tu. Ila polepole, humu ndani ya koo langu, usilisemee mle ghalani wakakusikia, maana mpiga ngoma wao ana moyo mdogo kuliko wangu, na mtoto amekwisha kuchoka kuanguka.

Mume wako,
Papa Mado